Lijamu Jipya

Zimebaki siku tisa kufika Nane Nane
na mzee Chiduo amerudi na kifurushi kutoka Arusha.
Kakifungulia juu ya debe la pumba, hapa bandani Hombolo:
chuma kizito, vipini virefu kama vya koleo la mhunzi,
na mnyororo mdogo wa kupita chini ya kidevu.
"Hili," akasema, "lingesimamisha hata treni."

Nikalishika. Baridi yake ilinifika kiwikoni.

Mwaka jana, uwanjani Nzuguni, mbele ya umati,
Mchepuko alichepuka.
(Kwenye karatasi anaitwa Sultani.
Sisi tunaomtekea maji tunalijua jina lake.)
Aliruka kizuizi cha pili, cha tatu akakisusa,
akakata kona kupitia hema la wauza mbegu,
akatokea upande wa pili na kamba ya mabango shingoni
na Sakwela juu yake, kaegemea nyuma
kama mtu avutaye ndoo kisimani,
akivuta, akivuta,
na lijamu la zamani, lililolika kama kijiko cha bibi,
halikumwambia farasi neno.

Sawa. Nakubali.
Mnyama wa kilo mia nne hasimami kwa kuombwa radhi.
Lakini kinywa hiki nakijua mimi.
Nalijua pengo lile, kati ya meno ya mbele na magego,
ufizi mtupu, laini kama ndani ya shavu la mtoto,
ambapo kidole changu kimelala asubuhi nyingi.

Kwa hiyo sikuanza na hatamu.
Siku ya kwanza nililitia chuma ndani ya sweta,
nikachota maji nalo, nikazoa samadi nalo,
mpaka likapata joto la mtu.
Alfajiri za Julai hapa zinakata masikio.
Kisha nikaponda zabibu tano,
zile zilizowahi, za shambani kwa kina Ndahani,
nikalipaka.
Mchepuko akanusa. Akalamba.
Akafungua mdomo mwenyewe, kwa tamaa,
ndipo akagundua.

Macho yale!
Kama mgeni aliyeuma changarawe kwenye ugali wa uwele
na mwenyeji anamtazama.
Hakurusha teke. Alitafuna, akatafuna,
povu la rangi ya divai likadondokea buti langu.
Sikufunga mnyororo. Sikuvuta.
Robo saa, nikamvua.

Siku ya pili, tandiko. Ya nne tukatembea
kwenye mchanga wa korongo, bega kwa bega.
Ya tano nikafunga mnyororo, kwa kulegea, vidole viwili vipite.

Ya sita akaja Sakwela na glavu mpya.
Vua, nikamwambia. Kunja shati.
Nikaulaza mnyororo juu ya mfupa wa mkono wake,
nikavuta kipini, kidogo tu,
kama uvutavyo uzi uliochomoza kwenye kanga.
"Aisee!"
Hilo ndilo utakalomwambia, nikasema,
kila utakapokunja ngumi.

Baba yangu alifunza maksai kulima, kule Mvumi.
Mjeledi wake ulining'inia ukutani
mpaka mchwa wakaumaliza mpini.
Maksai walijua upo. Naye alijua upo.

Leo ni ya nane.
Jioni hii hatamu zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo,
mzunguko wa kwanza, wa pili,
halafu, kwenye kona ya michongoma, kichwa kikainuka,
nikaliona bega likitaka kwenda.
Sakwela akakunja kidole cha pete. Kimoja.
Farasi akageuza sikio nyuma,
kama aliyeitwa kutoka chumba cha pili,
akabaki njiani.

Mzee Chiduo akapiga makofi: "Si niliwaambia? Chuma!"
Sikumjibu. Nilikuwa naosha lijamu,
naangalia kama lina damu.
Halina.
Maganda ya zabibu, na unywele mmoja wa kidevu.

Kesho lori. Kesho kutwa tarumbeta,
matrekta, watoto wenye maputo.
Sijui Sakwela atakumbuka kidole kipi.
Nimelirudisha ndani ya sweta.
Nitalala nalo.