Huyu Ni wa Hewa

Kidabaga bado imefunikwa ukungu.
Mama ametangulia, kisu kiunoni, mbeta tatu begani.
Namfuata na futi ya fundi cherehani
na kalamu inayogoma kwa baridi.

"Unampima mtoto wa juzi?" Anacheka.
Nampima. Juzi alinifika gotini,
leo amenigusa mkanda.
Hana jani hata moja, hajalionja jua.
Anakula wanga wa mama zake,
akiba ya kiangazi kilichopita,
inayomjia gizani kwa njia za chini ya udongo.

Na unene alikuja nao.
Mwanzi haunenepi:
unatoka ardhini na kipimo chake chote,
kama mtu angezaliwa na saizi ya kiatu.
Ukishamaliza kurefuka
ndipo kazi ya kimya inapoanza,
mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu,
ukuta unakazwa kwa ndani, uzi kwa uzi.

Chuoni tulivikausha vipande kwenye tanuri.
Cha mwaka mmoja kilitoka chepesi kama ahadi.
Cha miaka mitatu kilikuwa kimeigomea msumeno,
na mizani ikakiheshimu:
nusu ya uzito ule ilikuwa hewa,
hewa iliyokubali kusimama.

Mama anakata ncha.
Tone. Tone.
Jioni togwa, keshokutwa mkangafu,
kilabuni kwa Twilumba wanaume watacheka
na kuirudisha angani kwa pumzi.

Nikamwambia: Mama, kinachodondoka hapo
ndicho kingekuwa ukuta.
Akafuta kisu kwenye khanga.
"Kilikuwa ada yako," akasema,
"kidato cha kwanza mpaka cha sita."

Sikuandika kitu.

Bibi aliwahi kuiona mianzi ikichanua,
bonde zima, msimu mmoja, kisha ikafa yote.
Siku hiyo ikirudi, daftari langu
litafaa kuwashia moto.

Hata hivyo nilifunga vitambaa vyekundu,
chipukizi moja kila kichaka,
bila kuomba ruhusa.

Asubuhi hii amefika kichaka cha saba.
Ameshika kitambaa kwa vidole viwili,
kisu kimeshatoka.
"Huyu naye ni wa hewa?"
"Huyu ni wa hewa, Mama."

Amesimama kidogo.
Amelikaza fundo, lilikuwa limelegea,
akahamia wa pili yake, akagema.