Premio ya Bwana Shehoza

Kabla ya kunguruma, gari hili husema.
Ukizungusha ufunguo, mwanamke wa Kijapani
anatoa sentensi moja, kwa adabu,
kutoka kisandukuni chini ya usukani.
Bwana Shehoza akacheka: "Anakusalimia, Sista.
Mimi ananisalimia mwaka wa sita huu."

Nilikuwa na kiinua mgongo changu cha Bombo,
miaka thelathini na moja ya zamu za usiku,
kimefungwa kwenye kanga ndani ya mkoba.
Yeye alikuwa na bei, na haraka.
"Halijaguswa hili. Maji na oili tu."
Chema chajiuza, nikawaza,
na hili limeshatembezwa kutoka Chuda mpaka Duga.

Kesho yake nikaja na Fundi Mhina wa Makorora.
Hakuanza na boneti, kama wafanyavyo wajuaji.
Alipiga goti mlangoni, akaitazama pedeli ya breki,
mpira umelika upande mmoja hadi chuma kinachungulia.
"Mita inasema elfu themanini," akasema taratibu.
"Mguu unasema mia mbili na ushee."
Bwana Shehoza akakumbuka ana simu ya kupiga.

Kisha Mhina akawasha, akachukua bisibisi ndefu,
ncha kwenye injini, mpini sikioni,
akafumba macho.
Nami nikanyamaza bila kuambiwa.
Mara ngapi nimeinama hivyo,
sikio kwenye pembe ya mti, pembe kwenye tumbo
la mzazi aliyeletwa na pikipiki kutoka Mabokweni,
wodi nzima imebana pumzi,
nikitafuta katikati ya vishindo vyote
kile kidogo, kinachokimbia.
Sikumuuliza anasikia nini.
Ukiulizwa, kinapotea.

"Moyo mzima," akasema. "Ila beringi ya alteneta inalia,
bushi zimekufa,
na oili hii ni uji wa ulezi."

Bei ikashuka milioni moja na laki tatu.
Laki ya mwisho tuliivutana hadi adhana ya alasiri.
Sikuiacha. Watoto wanne nimewasomesha
kwa laki moja moja.

Siku tatu Mhina alilala chini ya gari
miguu nje, kama mtu aliyemezwa nusu.
Plagi nne. Filta mbili. Bushi, beringi, padi za mbele.
Oili lita nne, kopo likafunguliwa machoni pangu,
maana kopo jipya siku hizi lina ndugu zake.
Vya zamani akanikabidhi kwenye gazeti,
vyeusi, vinanuka, vingine vingali na joto,
nami nikavigeuza kimoja kimoja juu ya benchi
kama nilivyokuwa nikilikagua kondo la nyuma:
kisibaki kipande ndani.

"Na huyu mama?" akauliza. "Nimkatie waya?"
Nikamwambia angoje.

Kijana wa Bi Mwanshamba, aliyesoma Osaka miaka miwili,
alipanda siku moja nimfikishe Barabara ya Kumi na Nne.
Nikawasha. Akasikia. Akajishika mbavu.
"Siyo salamu, mama. Anasema kadi haijachomekwa.
Kadi ya kulipia barabara za kule."

Miaka sita Bwana Shehoza anaitikia deni.

Sikucheka sana.
Naijua sauti ile. Niliitumia mimi,
saa tisa za usiku, kwa wajawazito na mama zao:
glavu hazijaletwa,
drip hazijaletwa,
kwa upole uleule, bila kosa la mtu yeyote,
na kesho nikairudia.

Kwa hiyo hajakatwa waya. Kila alfajiri ananiambia
na kila alfajiri namwambia kweli, sina,
halafu tunaondoka wote wawili.

Juzi nilipita gereji kukaza nati za tairi.
"Oili tena lini, fundi?"
"Kilomita elfu tano."
"Za mita," nikamuuliza, "au za mguu?"