Masikio ya Kuazima

Mstari wangu wa kwanza niliuiba.
Sisemi nilijifunza; neno hilo nilikuja kulipata baadaye,
nilipokuwa na viatu.
Niliuiba Barabara ya Kirinyaga, mchana kweupe,
kati ya nati zilizotumika na mafuta machafu,
nyuma ya mgongo wa Nyamweya akichora ubao wa kinyozi:
vichwa vinne, mitindo minne, bei chini yake,
na masikio, masikio makubwa kama vikombe vya chai.
"Mbona makubwa hivyo?"
"Ili wembe uone mpaka," akasema,
kisha akanituma tapentaini.

Mwaka mzima kila niliyemchora alivaa masikio hayo.
Shangazi Kemunto, akiwa amelala. Chifu.
Mtoto wa jirani, wa miezi mitatu:
mama yake akaitazama karatasi, akaitazama tena,
akamvalisha mtoto kofia.

Kisha Eastleigh, Mtaa wa Saba, Hibaq wa hina,
kwenye ngazi za duka la mitandio.
Mkono wa bi harusi umelala pajani mwake kama kitabu kilichofunguliwa,
naye anaingilia kidoleni, anazunguka, anatokea kwenye kifundo,
hainui mkono hata kupumua.
Nikarudi Kariobangi, nikajaribu:
mstari mmoja, kuku mzima.
Kuku akatoka kama uzi uliochezewa na paka.
Nikachora kuku mia moja na arobaini.
Nakumbuka hesabu kwa sababu karatasi ilikuwa mifuko ya saruji
na mwenye kiwanja aliihesabu pia.

Naliaka hakuwa na penseli kabisa.
Alichora kwa makaa ya jiko lake, usiku, baada ya wateja wa samaki,
vidole vyeusi hadi kwenye pete.
"Usichore pua," aliniambia.
"Chora giza lililo kando ya pua.
Pua itakuja yenyewe kudai nafasi yake."

Siku ya maonyesho, ukumbi wa Kaloleni,
rafiki yangu Barasa alizunguka kuta zote mikono nyuma.
"Nimemwona fundi wa mabango. Nimemwona dada wa hina.
Nimemwona mama wa samaki. Wewe ulikuwa wapi?"
Akaongeza ile ya mwacha asili.
Asili ipi, Barasa?
Kwetu picha pekee ukutani ilikuwa kalenda ya duka la dawa,
tena ya mwaka uliopita.

Wiki tatu sikugusa karatasi.

Makadara, foleni ya vitambulisho.
Mbele yangu mwanamke mwenye koti la kijani,
amechoka kwa namna ambayo sikuwahi kuifundishwa.
Nikageuza fomu yangu. Nikaazima kipande cha wanja.
Sikio. Shingo. Giza chini ya taya.
Nilipofika begani wanja ukaisha,
na namba yangu ikaitwa.

Nyamweya aliisoma ile fomu kama risiti.
"Masikio yangu.
Mstari huu una harufu ya hina.
Giza hili simjui mwenyewe, ila ana akili.
Na hapa?"
Kidole chake, chekundu kwa rangi, kikasimama
palipotakiwa kuwa na bega.
"Hapo wanja uliniishia."
Alinyamaza muda wa kukauka koti la kwanza la rangi.
"Usipajaze," akasema. "Na brashi yangu namba sita,
ile ya mwaka juzi, ilete."

Sijaipeleka.
Lakini siku hizi nikifika begani nanyanyua mkono,
jambo ambalo Hibaq angenipigia kofi,
nasubiri, kisha naendelea upande wa pili.
Watu huniuliza kama nilisahau.
Wengine husogea karibu wakaliona bega ambalo halipo.
Masikio bado ni makubwa.
Hayo nayo sirudishi.