Kuugeuza Mhimili

Barua kutoka wizarani ilikuwa na mistari minne.
Oldřich aliikunja, akaisukumia chini ya mguu wa meza
iliyoyumba tangu enzi za chama,
na meza ikatulia.

Hivyo ndivyo tulivyoingia zamu ya mwisho.

Mtambo wa Tatu tulimwita Bibi.
Miaka hamsini na miwili, mabomba yenye viraka juu ya viraka,
na bado alikula tani mia mbili kila saa
za makaa ya kahawia, mabichi, yanayotoa maji,
ukiyavunja unakuta gome la mti uliokufa
kabla mtu hajaupa jina.
Akila, akikohoa, akitema majivu,
na mji mkuu ukichemsha chai
usijue ni kwa kikohozi cha nani.

Mama alikuwa akianua nguo upepo ukigeuka.
Hata hivyo hatukuwahi kulalia shuka nyeupe.
Simlilii Bibi, basi. Kaka yangu Bohumil
alipiga filimbi kifuani miaka tisa
ndipo akanyamaza.

Saa nane na dakika kumi usiku nilibonyeza.
Fomu ina jina langu: Květa Hrubá, kwa wino wa bluu.
Mshale wa megawati ulishuka, ukasita,
ukalala juu ya sifuri.
Masikio yakaniuma kwa ukimya.

Sasa, mhimili wa mtambo ni mita thelathini za chuma cha moto.
Ukiuacha upoe umesimama, unapinda kwa uzito wake.
Kwa hiyo huwa tunauzungusha polepole kwa mota ndogo,
siku tano, usiku na mchana.

"Uacheni," alisema mkuu wa zamu, koti tayari mabegani.
"Jumatatu wanakuja kukata.
Chuma chakavu hakiulizwi kama kimenyooka."

Oldřich aliwasha mota. Akavuta kiti.

Usiku wa tatu nilimpelekea supu ya viazi.
"Baba," alisema, bila kunitazama,
"nilimgeuza kila baada ya saa mbili, kushoto, kulia.
Daktari akaniambia hamalizi wiki, unajichosha bure.
Nikamuuliza: kwa hiyo nimwache alalie mfupa?"
Akanywa supu. Ilikosa chumvi, hakusema.

Siku ya tano aliweka kiganja juu ya ganda la mtambo
kama unavyompima mtoto homa.
Akazima.

Jumatatu kijana mmoja wa wakandarasi
aliweka rula juu ya chuma, akachuchumaa, akafumba jicho moja.
"Umenyooka huu," akasema,
akashusha miwani, akawasha gesi.

Ni mwaka wa pili sasa. Dohani ingali imesimama, haina kitu.
Upepo ukigeuka, Mama huacha kijiko sufuriani
akakimbilia kamba,
nami hutoka kumshikia kapu.