Kisanduku cha Sabaki

Kimoja tumekifunga kwenye nguzo, darajani Sabaki;
cha pili Mambrui, juu ya duka la mkaa.
Kazi yavyo kunusa simu zipitazo.
Kazi yetu, Charo kule, mimi huku,
kuvichunga visiseme uongo:
saa mkononi, daftari, namba za magari.

Lori la chumvi: chenyewe dakika kumi na nne,
sisi kumi na nne.
Proboksi ya miraa: tumepishana sekunde tisa.
Nikaanza kukiamini.

Kisha simu moja, saa mbili nzima.
Msongamano, kikasema.
Msongamano gani, na njia nyeupe?

Nikamsimamisha Nyevu, pikipiki na madumu ya maziwa.
“Nilipita kwa marehemu shangazi.
Kaburi limeota magugu.”

Nimeandika: kosa, liondolewe.
Kalamu ikasita
palepale, kwenye kosa.