Nambari 1007

Seva yetu haijui majina.
Hilo ningelikumbuka mapema Jumatatu ile,
Mwalimu Skaidrīte aliposhuka ngazi za chumba cha chini,
theluji haijayeyuka mabegani,
akasema: Barua zinafika, ila si zangu.

Nikadhani ni nywila.
Kwa walimu wa shule hii ya muziki, hapa Liepāja,
kila tatizo ni nywila mpaka lithibitike vingine.
Nikamkalisha kwenye kiti chenye mguu mfupi,
nikafungua kumbukumbu za mashine, nikasoma
kama mtu anayechambua mchele kwenye mwanga hafifu:
ruhusa imekataliwa,
ruhusa imekataliwa,
ujumbe umeahirishwa, utajaribiwa tena.
Barua arobaini na tatu kwenye foleni,
zimesimama mlangoni,
na mlango una mwenyewe, naye hayupo.

Diski si tatizo, ilijaa nusu tu.
Anwani yake sahihi, hata ile ī yenye mstari kichwani
nilikuwa nimeiondoa, mashine isije ikakwama.
Basi alikuwa anasoma nini?
Akanionyesha: orodha ya bei za nyuzi,
ankara ya kuziba mivukuto ya kodiani,
fundi wa Klaipėda akidai fedha zake kwa upole.

Hapo nikajua. Ubaridi ukanipanda kutoka sakafuni.

Aprili tulipomzika Visvaldis
nililifunga sanduku lake: lisomeke, lisipokee.
Agosti nikafuta jina. Sanduku sikulifuta.
Nilisema nitalifuta kesho, na kesho ya fundi
mnaijua.
Kisha Ijumaa, mkuu wa shule akinisimamia kichwani,
nikamsajili mwalimu wa mwisho asiye na barua pepe
baada ya miaka thelathini na moja ya kukataa,
na mashine, isiyojua kilio wala heshima,
ikatafuta nambari iliyo wazi, ikampa
1007. Chumba cha marehemu, na samani zake zote.

Nikamweleza. Hakulia. Aliuliza kama itachukua muda mrefu,
ana mwanafunzi saa tisa.

Nikahamisha vitu vya Visvaldis kwenye folda ya pembeni,
nikafungua ruhusa, nikaandika upya mwenye sanduku,
nikaiambia foleni: piteni.
Zikapita zote arobaini na tatu, nyingi za mkuu wa shule,
nyingi zikiuliza kwa nini hajibu zile za kwanza.

Ilibaki rasimu moja.
Sikuifungua. Fundi huona bahasha, haoni barua.
Tarehe kumi na moja Februari, baiti mia sita na kumi na mbili.
Kwa: Skaidrīte.
Jina tu, na ile ī na mstari wake,
bila alama ya kikoa, bila shule, bila chochote mbele yake.
Hakuwa na anwani wakati ule.
Hata angebonyeza tuma, ingemrudia.

Nilizunguka maneno. Nikasema kuna kitu kimoja,
kwa hesabu ya mashine ni chako,
kwa hesabu nyingine sijui.
Akasoma bahasha kwenye kioo changu, miwani mkononi.
Akasema: Iache hapo hapo.
Yule hata kwa mdomo hakuwahi kumaliza sentensi.
Akafunga vifungo vya koti, akakosea kimoja,
akapanda kwa mwanafunzi wake.

Ningempa nambari nyingine. Ndivyo utaratibu unavyosema.
Sikumpa.

Alhamisi, nikikagua kama foleni imetulia,
nikakuta mstari mmoja wa usiku uliopita:
mtumiaji 1007 ameingia, saa tano kasorobo.
Rasimu moja imefunguliwa.
Baada ya dakika arobaini, imehifadhiwa tena,
baiti mia saba na tisa.