Chumba 5518

Kuna jengo la bati nje ya Kawagoe
ambamo watu elfu kumi na moja wanadai kuishi.
Kila mmoja ana namba ya chumba.
Vyumba havipo. Kuna rafu, kuna taa nyeupe zisizozimwa,
na kuna Chizuru Onodera, kisu cha kukatia maboksi
kikining'inia kiunoni kwa kamba ya kiatu.

Anawajua wapangaji wake kwa manunuzi yao.
Wa 204, huko Bogota, hukusanya wino:
wa rangi ya mvua, wa rangi ya kutu,
chupa za msimu mmoja, kisha mapishi yake yakafukiwa.
Wa 9930, Tromso, ana miguu miwili kama sisi
na jozi arobaini na moja za raba.
Hakuna hata moja iliyokanyaga tope. Chizuru yuko tayari kuapa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza,
kibaya chajitembeza.
Hawakuliona duka la Nagoya
lililofungua mauzo saa nne kamili asubuhi
na saa nne na dakika sita likaandika: vimekwisha.
Kichwa cha treni, shaba iliyopakwa weusi, urefu wa kiganja,
mia tatu tu, hakitatengenezwa tena,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
hatutumi nje ya nchi.
Basi kizuri kikajiuza, halafu kikalazimika kujitembeza,

Nagoya mpaka Kawagoe, lori la usiku,
kwa jina la Nugzar Kobalia, chumba 5518,
ambaye kusema kweli anakaa Kutaisi, upande wa Kaukazi,
na kwake ilikuwa saa kumi na moja alfajiri
kidole kilipobonyeza.

Chizuru alifungua. Akapiga picha nne. Akasoma fomu.
Punguza uzito: ndiyo.
Tupa boksi la duka: ndiyo.
Ndiyo za mtu mwenye usingizi,
au mtu anayehesabu senti,
maana kilo ikizidi hata kwa gramu moja
nauli hupanda ngazi, na forodha nayo ina mdomo wake.

Lakini boksi lile.
Kadibodi ya kijivu, na ubavuni,
kwa kalamu, kwa mkono wa mtu:
213/300.
Treni yenyewe haikuandikwa popote.
Bila boksi ni shaba nzuri tu.

Bwana Hatakeyama, msimamizi, alikuwa dirishani
akila wali uliofungwa kwa mwani.
Sheria iko ukutani: alama ya mteja ni neno la mteja.
Mali bila daftari huisha bila habari,
na daftari lilisema tupa.

Akauweka mzigo kwenye mizani. 963.
Akalichana boksi mshono kwa mshono,
kama anayemtoa samaki mifupa,
likalala bapa, jembamba kama barua.
34.
Akalitelezesha chini ya sponji.
997.
Mizani ikasita. 998. 997.
Akafunga kwa utepe mfupi kuliko kawaida yake
na hakuandika kitu. Angeandika nini,
na kwa lugha ipi?

Siku kumi na tisa kwenye skrini:
kimefika uwanja wa ndege, kimezuiwa,
kimezuiwa, kimeachiliwa, kimepokelewa.
Kimepokelewa. Neno hilo halina uso.

Mwezi wa nne, chumba 5518 tena.
Mabehewa mawili, ya treni ileile.
Tupa boksi: ndiyo.
Moyo wake ukashuka kidogo,
kiasi ambacho mizani isingekiona.
Kisha ile nafasi ya maelezo, ambayo wateja huiacha tupu,
Kijapani cha mashine, kimepinda kama msumari wa zamani:
tupa kama ulivyotupa mara ya kwanza, tafadhali.

Akapima. 1,021.
Akavuta kiti, jambo asilolifanya kazini,
akaketi kuitazama sponji.